KIFUA CHA JENERALI NA MKONO WA MLINZI

Mwaka huu mhariri wa jarida letu ameniambia niandike maoni wala si insha, na ati nisipambe sana. Haya basi, nitajaribu kwenda moja kwa moja. Swali langu ni hili: mtu akivishwa nishani, nishani ile hutuambia nini juu yake? Na yule asiyevishwa, je, kifua chake kitupu kinatuambia nini?

Swali hili lilinijia Siku ya Zawadi. Mnaikumbuka siku ile. Mahema yalijaa uwanjani, wazazi wamevalia nguo zao za Jumapili, na jina la mgeni wa heshima kwenye ratiba limefuatwa na herufi nyingi kama mkia wa tiara. Viranja walipewa vikombe. Timu ya voliboli ilipewa ngao. Mimi mwenyewe nilipewa kamusi kwa kuwa wa tatu katika Kiswahili, kwa hivyo mtu asiniambie kwamba naandika kwa kijicho. Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka moto.

Lakini nikiwa pale nilimwona mlinzi wetu wa usiku, yule mzee wa lango, ambaye siku hiyo aliitwa mchana aje aonyeshe magari pa kuegesha. Jua lilikuwa kali, naye amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi kwenye kiganja. Wageni hawakujua kwa nini. Sisi wa bweni lile tulijua.

Muhula wa pili, saa mbili za usiku, sisi sote tukiwa prepu, moto ulishika kona ya bweni. Ndani alikuwamo mwenzetu mmoja wa kidato cha kwanza, mgonjwa wa malaria, amelala fofofo kwa sababu ya dawa. Mlango ulikuwa umetiwa kufuli kwa nje. Mzee hakungoja ufunguo. Alivunja dirisha kwa rungu lake, akajitosa ndani, akatoka na mtoto yule begani. Magodoro sita yaliteketea. Mtoto alipona. Mkono wa kulia wa mzee uliungua toka kiganja hadi kiwiko.

Siku ya Zawadi jina lake halikusomwa. Sidhani kwamba kuna mtu aliyekataa lisomwe. Nadhani hakuna aliyelifikiria, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Sasa, juma lile lile nilikuwa maktabani nikisoma habari za Jenerali Colin Powell wa Marekani, aliyefariki tarehe 18 Oktoba 2021 akiwa na umri wa miaka 84. Nilimchagua kwa sababu kama kuna mtu aliyevishwa nishani duniani, ni huyo. Nilitaka kujua zilitoka wapi. Kumbe nilikuwa natafuta jibu la mambo ya mzee wetu bila kujua.

Powell alizaliwa mwaka 1937 mtaani Harlem, jijini New York, mwana wa wazazi waliohamia huko kutoka Jamaika. Wenzangu mnaopata C, furahini kidogo: hata yeye alikiri kwamba alama zake chuoni zilikuwa za wastani. Alisomea jiolojia, lakini kilichompendeza hasa ni mafunzo ya uofisa wa jeshi yaliyotolewa pale pale chuoni. Mwaka 1958 akawa luteni wa pili. Alikaa jeshini miaka 35, akapanda ngazi moja moja mpaka mwaka 1989 alipofanywa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo katika Marekani. Baadaye, kuanzia 2001 hadi 2005, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Hebu tuzitazame nishani zake, ingawa si zote, maana tutakesha.

Ya kwanza ni ile iitwayo Moyo wa Zambarau. Hiyo hupewa askari aliyejeruhiwa au kuuawa na adui. Powell aliipata mwaka 1963 alipokuwa kapteni nchini Vietnam. Alikanyaga mti wa mwanzi uliochongwa ncha, ukapakwa kinyesi na kufichwa njiani. Ukamchoma mguu hadi ukatokeza upande wa pili. Nishani hii haisemi kwamba wewe ni hodari. Inasema tu kwamba uliumia ukiwa kazini.

Ya pili inaitwa Nishani ya Askari, na hii naomba muishike vizuri kwa sababu tutairudia. Iliwekwa na Bunge la Marekani mwaka 1926, nayo ina sharti la ajabu kidogo: hutolewa kwa ushujaa usiohusu kupigana na adui. Yaani hutaipata kwa kuua. Mara nyingi huipata mtu aliyeokoa. Tarehe 16 Novemba 1968, Powell, sasa akiwa meja, alikuwa katika helikopta pamoja na Meja Jenerali Charles Gettys, kamanda wa divisheni yao iliyoitwa Americal. Helikopta ilipokuwa ikitua penye uwazi mdogo msituni, mapanga yake yaligonga mti, ikaanguka, ikaanza kufuka moshi. Powell alivunjika kifundo cha mguu. Alitoka, akawa salama. Kisha akarudi. Alirudi na mguu wake uliovunjika akawavuta wenzake, pamoja na kamanda wake, kabla moto haujawamaliza.

Baada ya hapo zikaja nyingine nyingi za utumishi, ambazo nyingi hufuata cheo jinsi mkia unavyomfuata ng'ombe. Halafu zikaja za kiraia. Mwaka 1991, baada ya vita vya Ghuba vilivyoyatoa majeshi ya Iraki nchini Kuwait, Rais George Bush mkubwa alimpa Nishani ya Rais ya Uhuru, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa za kiraia katika nchi ile. Mwaka 1993 alipostaafu, Rais Clinton akampa tena nishani hiyo hiyo, ya daraja la juu zaidi. Bunge lao likamtunuku Nishani ya Dhahabu. Chama cha kutetea haki za watu weusi kikampa Nishani ya Spingarn mwaka 1991. Malkia Elizabeth wa Uingereza naye, mwaka 1993, akampa daraja la ushujaa la heshima, ingawa kwa kuwa si raia wa Uingereza hakuitwa "Sir".

Ukiona picha yake akiwa na magwanda rasmi, utepe umepangwa kifuani safu juu ya safu, utasema huyu si mtu tena, ni bendera.

Lakini sasa, wasomaji wapenzi, ndipo nilipokutana na jambo lililonifanya niufunge ule ukurasa na kutazama nje ya dirisha.

Mwaka ule ule wa 1968, katika divisheni ile ile ya Americal, kulikuwa na rubani wa helikopta kijana, jina lake Hugh Thompson. Hakuwa meja wala jenerali. Tarehe 16 Machi, miezi minane kabla ya ajali ya Powell, Thompson alikuwa akiruka juu ya kijiji cha My Lai. Aliona chini wanajeshi wa upande wake wakiwaua wanavijiji: wazee, akina mama na watoto wachanga. Marekani yenyewe ilihesabu waliouawa kuwa 347. Wavietnam wanasema ni 504. Thompson alitua helikopta yake katikati ya askari wenzake na raia waliokuwa wakikimbia. Akawaambia vijana wake wawili, Lawrence Colburn na Glenn Andreotta, kwamba askari wale wakithubutu kuwapiga risasi raia hawa, nao wawapige. Hebu fikiria amri ya namna hiyo! Akawaokoa raia waliokuwa wamejificha, na Andreotta akashuka katika mtaro uliojaa maiti akamtoa mtoto aliyekuwa hai. Kisha Thompson akarudi kambini akawaeleza wakubwa aliyoyaona, na mauaji yakasimamishwa.

Je, alipewa nini? Kwanza alipewa nishani ya urubani, yenye maelezo ya uongo kwamba alimwokoa mtoto penye mapigano makali na adui. Mapigano hayakuwako. Thompson aliitupa nishani ile. Ukweli ulipofichuka aliitwa msaliti, akatishiwa kuuawa, na kukawa na watu wa kumwachia mizoga ya wanyama mlangoni. Ilichukua miaka 30. Mwaka 1998 ndipo Jeshi la Marekani lilipompa nishani ya kweli, yeye na wenzake wawili, Andreotta akiwa ameshafia vitani majuma machache baada ya My Lai.

Na ilikuwa nishani gani? Nishani ya Askari! Ile ile ya Powell.

Sasa pimeni wenyewe. Meja alimwokoa jenerali wake kutoka motoni, nishani ikaja mapema. Rubani mdogo aliwaokoa wanavijiji wasio na jina kutoka kwa askari wa nchi yake, nishani ikaja akiwa mzee wa mvi. Chuma ni kile kile na utepe ni ule ule. Tofauti ni nani aliyeokolewa, na ni nani aliyeona aibu.

Wala si hayo tu. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1968 askari mmoja kijana aliandika barua kwa wakubwa akilalamika kwamba wanajeshi wa Americal wanawatesa raia. Barua ilifika mezani kwa Meja Powell aichunguze. Yeye hakuwako Vietnam siku ya My Lai, na barua ile haikukitaja kijiji hicho. Lazima tuseme kweli. Lakini jibu aliloandika lilisema kwamba uhusiano wa askari wa divisheni na watu wa Vietnam ni mzuri sana. Hayo aliyaandika mwezi wa Desemba, majuma machache baada ya kurudi motoni kuwaokoa wenzake.

Mtu ni yule yule. Mwezi wa Novemba alikuwa shujaa kabisa, na Desemba alikuwa karani aliyeandika yale ambayo wakubwa walipenda kuyasoma.

Na mwaka 2003 ukaja mtihani mkubwa zaidi. Tarehe 5 Februari Powell, sasa waziri, alikaa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akiwa na kichupa kidogo mkononi, akaueleza ulimwengu kwamba Iraki inaficha silaha za maangamizi. Wengi walimwamini kwa sababu ni yeye. Kile kifua chenye nishani ndicho kilichosema. Mwezi uliofuata vita vikaanza, na silaha alizozitaja hazikuonekana. Mwaka 2005 yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba hotuba ile ni doa katika rekodi yake na kwamba inamuuma. Nampa heshima kwa kukiri. Lakini waliokufa hawakurudi.

Ili nisimwonee, niongeze na hili, maana lilitokea hapa hapa kwetu. Tarehe 9 Januari 2005, katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, ulitiwa sahihi mkataba wa amani uliomaliza vita virefu kati ya serikali ya Sudan na wapiganaji wa kusini. Mpatanishi mkuu alikuwa Mkenya, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, aliyekuwa kamanda wa jeshi letu la nchi kavu. Powell alikuwapo, akatia sahihi kama shahidi kwa niaba ya Marekani. Siku ile majenerali wawili walikuwa kwenye kazi ya kuzima moto badala ya kuuwasha. Nayo iandikwe.

Basi maoni yangu ni haya. Nishani ni ushahidi wa siku moja. Si cheti cha maisha mazima. Ile ya Powell ya mwaka 1968 ilisema kweli tupu kuhusu Novemba 16, lakini haikujua lolote kuhusu Desemba ya mwaka huo wala Februari ya 2003. Kosa si la nishani. Kosa ni letu sisi tunaoiona inang'aa kifuani kisha tunaacha kuuliza maswali. Wahenga walisema si vyote ving'aavyo ni dhahabu; mimi nasema hata ile iliyo dhahabu kweli haisemi zaidi ya ilivyoandikwa.

Na hapa nyumbani tusijicheke wenyewe tukidhani ni mambo ya Wamarekani. Kila Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, watu hutunukiwa heshima za nchi: E.G.H., E.B.S., O.G.W., H.S.C. na nyinginezo. Wapo wanaozistahili kabisa. Lakini jamani, nani kati yetu amewahi kuuliza yule mheshimiwa alipewa herufi zile kwa tendo gani? Tunaziona kwenye ratiba, tunasimama wima, tunapiga makofi. Tunamheshimu mtu kwa herufi badala ya kumheshimu kwa habari yake.

Nilipoyazungumza haya bwenini, mwenzangu mmoja alinijia juu. "Wewe nawe! Mzee alifanya kazi yake tu. Si analipwa mshahara?" Nilimjibu hivi: hata Meja Powell alikuwa akilipwa mshahara, na hakuna mahali katika mkataba wake palipoandikwa kwamba arudi ndani ya helikopta inayofuka moshi akiwa amevunjika mguu. Mshahara unalipia kukaa langoni. Haulipii kuingia dirishani.

Mwingine akasema, "Tukianza kumtuza kila mtu, zawadi zitakosa thamani." Huyo ana hoja. Lakini kinachoishusha thamani ya zawadi si idadi. Ni pale inapotolewa bila mtu kujua ni ya nini. Kikombe cha "uongozi bora" kilitolewa mwaka huu, na mpaka leo sijasikia mtu akitaja jambo moja ambalo kiongozi huyo aliongoza. Ndugu yangu aliyekipata asinikasirikie. Huenda alifanya mengi. Ninachosema ni kwamba hatukuambiwa hata moja.

Kwa hivyo natoa mapendekezo mawili kwa walimu wetu na kamati ya Siku ya Zawadi. Kwanza, kando ya kila zawadi kwenye ratiba iandikwe sentensi moja tu: huyu alifanya hili, siku fulani. Isipopatikana sentensi, zawadi ingoje. Pili, iwepo zawadi moja isiyouliza kama wewe ni mwanafunzi, kiranja, mwalimu, mpishi, dereva au mlinzi, bali iulize tu kama ulimwokoa au kumsaidia mwenzio. Chama chetu cha Kiswahili kiko tayari kuiandika ile sentensi ya kwanza. Hata sasa ninayo.

Lakini kabla sijaandika makala hii nilikwenda langoni kumwuliza mwenyewe. Haifai kumsemea mtu mzima bila idhini yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Mbona huko prepu?"

Nikamweleza kwamba nina ruhusa, na kwamba nataka jina lake lisomwe mwaka ujao. Alicheka, akalivuta lile shati lake kwenye kiganja.

"Zawadi sitakataa," akasema. "Mtu hakatai zawadi. Lakini kwanza waambie wasifunge tena ule mlango kwa nje. Mkinipa cheti na kufuli liko pale pale, mtakuwa mmenipa cha nini?"

Nilirudi prepu nikiwa kimya. Nilimkumbuka rubani Thompson akiitupa nishani yake ya kwanza, ile iliyotolewa ili ifunike jambo badala ya kulifunua. Mzee wetu hajasoma habari za Vietnam, lakini alilijua jambo lile lile.

Basi pendekezo la tatu ni lake, nami nimelichukua kama lilivyo: kufuli litoke kwanza, halafu jina lisomwe. Vyote viwili, na kwa mpangilio huo.

Nikiwa nimekosea, walimu wangu nisahihisheni, wenzangu nijibuni katika jarida lijalo. Yangu ni hayo. Hapa natia nanga.